Kuziba Ufa na Kuunga Mti: Somo la Kazi za Mikono kutoka Lufingo

Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" huandikwa katika madaftari ya watoto wetu tangu madarasa ya chini, na ni vigumu kumpata mwanachuo anayefika chuoni bila kuijua. Twaitumia kumhimiza mvivu, kumwonya mzembe na kufungia hotuba za siku ya wazazi. Ni methali njema. Hata hivyo, yafaa mwalimu atambue kwamba methali hii inasema juu ya kuwahi, wala haisemi juu ya namna ya kuziba. Mtu aweza kuwahi sana, akaziba ufa siku ile ile alipouona, na baadaye akajenga ukuta vile vile, kwa kuwa alichokiziba ni sura ya ufa tu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kazi ndogo ya kuunga kipande cha mti kilichopasuka ilivyotupatia somo zima la kazi za mikono, na jinsi somo hilo lilivyotusaidia kumwelewa mtoto mmoja ambaye shule ilikuwa haijamwelewa. Kazi yenyewe ilifanyika katika kata ya Lufingo, wilayani Rungwe, mwezi Agosti 2018, tulipokuwa huko pamoja na wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Tutaieleza hatua kwa hatua, ili mwalimu anayetaka kuifanya katika shule yake aweze kuifanya kwa vifaa vichache.

1. Kishikio kilicholetwa shuleni

Rungwe ni nchi ya mvua nyingi na udongo wa volkano. Migomba, viazi, mahindi, maharage na magimbi hustawi humo, na mahali penye shibe ya namna hiyo hapakosi wezi wa usiku. Nguruwe mwitu ndio wanaolalamikiwa zaidi. Kundi la nguruwe likiingia katika shamba la viazi usiku, asubuhi mwenye shamba hukuta matuta yamefukuliwa kama yaliyolimwa, na chakula cha miezi kimekwenda. Ndiyo maana wako wazee wachache wenye bunduki za marisau, zenye leseni, ambao jirani huwategemea.

Mmoja wa wazee hao alitujia jioni moja baada ya masomo. "Mugonile," alitusalimu kwa Kinyakyusa, kwa heshima ya wingi, nasi tukamwitikia. Akafungua kitambaa alichokishika, na ndani yake hamkuwa na bunduki. Mlikuwa na kipande cha mti chenye urefu wa kama shibiri moja, kilichochongwa kwa umbo la mtumbwi mdogo, na kibati chake cha chuma pamoja na skrubu mbili. Kilikuwa ni kishikio cha mbele, yaani ule mti ulio chini ya mtutu ambao mpigaji huushika kwa mkono wake wa pili. Kilikuwa kimepasuka kwa urefu, kuanzia tundu la skrubu hadi ukingoni.

Bunduki yenyewe, alitueleza, ilikuwa kwa fundi wa silaha mwenye leseni mjini Mbeya. Fundi huyo alikuwa ameikagua sehemu ya chuma, akamwambia kwamba mti waweza kuungwa na mtu yeyote ajuaye useremala, lakini ni lazima urudishwe kwake aupime kabla silaha haijatoka. Jambo hili twalitaja kwa makusudi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humtaka mwenye silaha awe na leseni, na kazi ya kutengeneza silaha ina watu wake. Sisi tuliletewa mti, nasi tulishughulika na mti.

"Walimu wangu," alisema mzee, "kitu hiki kimeungwa mara mbili, na mara zote mbili kimeachia. Gundi waliyotia ilikuwa nyingi, niliiona kwa macho yangu. Mbona haishiki?"

Tukamwuliza kiliachia vipi mara ya mwisho. Akasema ilikuwa usiku, shambani, alipoikunja bunduki ili atie risasi. Katika bunduki za aina hiyo mtutu hukaa kwenye bawaba, na kishikio cha mbele ndicho kinachouzuia usichomoke. Kishikio kilipofunguka mkononi mwake, mtutu nao uliteleza ukaanguka matopeni. Nguruwe walikuwa hatua chache mbele yake. Hakuumia, lakini tangu usiku huo silaha haikutumika tena.

Wanachuo walijadiliana kwa muda mrefu kama yafaa kitu cha bunduki kiingie shuleni. Baadhi yao walisema watoto wangevutiwa sana, na kwamba mwalimu hutafuta kila siku kitu cha kuwavutia watoto. Wengine walisema kivutio cha namna hiyo huwapeleka watoto mahali ambapo mwalimu hakukusudia. Tulikubaliana na hao wa pili. Mtoto akiona kishikio cha bunduki atafikiri juu ya bunduki, na somo la gundi litakufa. Kwa hiyo tuliamua kwamba kishikio kitatengenezwa ofisini baada ya masomo, na darasani hakitaingia. Kitakachoingia darasani ni swali la mzee: Mbona haishiki? Swali halina hatari, na laweza kubebwa na kitu chochote kilichopasuka.

2. Kutafuta chanzo kabla ya dawa

Jioni ile tulikiweka kishikio mezani, na tukawataka wanachuo wasiguse gundi wala msasa kwa muda wa nusu saa. Kazi yao ilikuwa kutazama na kuandika. Zoezi hili lilikuwa gumu kuliko walivyodhani, kwa sababu mkono wa mtu huona haya kukaa bure mbele ya kitu kilichoharibika. Baada ya nusu saa walikuwa wameandika mambo manne.

La kwanza, kingo za ufa zilikuwa nyeusi. Walipozinusa, walisikia harufu ya mafuta ya mashine. Mwenye bunduki huipaka chuma mafuta isishike kutu, jambo ambalo ni la lazima katika nchi yenye unyevu kama Rungwe, na mafuta yakizidi hutiririka kutoka kwenye chuma hadi kwenye mti, na mti huyanywa polepole kwa miaka.

La pili, gundi ya zamani ilikuwa bado imo. Ilibanduka kwa ukucha, nyembamba na ya kung'aa, kama ngozi ya kitunguu. Haikuwa na hata unyuzi mmoja wa mti uliong'ang'ania kwake.

La tatu, tundu la skrubu lilikuwa limepanuka. Skrubu ilizunguka ndani yake bila kushika.

La nne, ukingo wa nyuma, ule unaoelekea mwili wa bunduki, ulikuwa umepondeka upande mmoja tu, na upande wa pili ulikuwa mzima.

Mambo hayo manne yalieleza habari yote. Bunduki inapolia, chuma hurushwa nyuma kwa ghafula. Mti uliofungwa imara hurudi pamoja na chuma kama kitu kimoja. Mti uliolegea huchelewa kidogo, na chuma hurudi kuugonga kama nyundo. Pigo moja halionekani. Mapigo mia, yakiangukia upande mmoja, hupasua mti mahali palipo pembamba, nao mti hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Basi ufa ulikuwa na sababu mbili. Skrubu iliyolegea ndiyo iliyoufanya uzaliwe, na mafuta ndiyo yaliyoufanya usipone. Waliotia gundi mara mbili hawakushughulika na sababu hata moja kati ya hizo. Walipewa ufa, wakaujaza.

Tulimwomba kila mwanachuo aandike katika daftari lake maneno haya: kuziba ni kufanya ufa usionekane, kuunga ni kufanya pande mbili zibebe mzigo pamoja tena.

3. Somo la darasani

Somo lilitayarishwa kwa Darasa la Sita, kwa vipindi viwili vilivyofuatana na dakika chache za siku iliyofuata. Kwa kuwa Agosti ni wakati wa baridi na ukavu huko, mbao zilikuwa kavu vya kutosha, ila ilitubidi kufanya kazi saa za jua, maana gundi nyeupe ya seremala haipendi baridi kali. Zana zilikuwa hizi: mabaki ya mbao za msindano kutoka kwa seremala wa jirani, yaliyokatwa vipande vya urefu wa kiganja, kopo dogo la gundi nyeupe, msasa, mafuta ya mashine kijiko kimoja, maji, na vipande virefu vya mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa. Mpira huo ndio jiliwa la maskini. Ukiuvuta na kuuzungusha, hubana sawasawa pande zote, hata kwenye kitu cha mviringo ambacho jiliwa la chuma lingekiponda.

Mwanachuo aliyefundisha hakuanza kwa kueleza. Alichukua jani la gimbi na kulidondoshea maji, na tone likasimama juu yake likibingirika kama umande wa asubuhi. Kisha akadondosha maji juu ya mbao safi, na tone likatandaa na kuzama. Mwisho akadondosha juu ya mbao iliyopakwa mafuta. Watoto wakapiga kelele wenyewe kabla hawajaulizwa: "Kama gimbi!" Hapo somo lilikuwa limekwisha kushika nusu, na gundi ilikuwa haijafunguliwa.

Ndipo darasa likagawanywa katika makundi manne. Kila kundi liliunga jozi ya vipande ubavu kwa ubavu. Kundi la kwanza liliunga mbao safi, kavu, iliyosuguliwa kidogo kwa msasa, na kuifunga kwa mpira. Kundi la pili lilifanya vivyo hivyo kwa mbao iliyopakwa mafuta na kupanguswa. Kundi la tatu lilipewa mbao iliyolala ndani ya maji usiku kucha. Kundi la nne lilipewa mbao safi na gundi nyingi mno, lakini halikupewa mpira; liliweka kipande juu ya kipande na kuviacha. Kila kundi liliandika katika daftari lilichotazamia kutokea. Jambo hili mwalimu asiliache. Mtoto ambaye hajatazamia kitu hashangai, na asiyeshangaa hakumbuki.

Siku iliyofuata kila kundi lilijaribu kuvunja jozi yake kwa mikono mbele ya wenzake. Jozi yenye mafuta iliachia kwa kuvutwa kidogo. Jozi ya maji ilikuwa bado laini, nayo ikateleza. Jozi yenye gundi nyingi iliyokosa kubanwa ilishika kwa muda, kisha ikaachia kwa mlio, ikionyesha gundi nene iliyojaa vitundu vya hewa. Jozi ya kwanza ilikataa kabisa. Mvulana mkubwa wa darasa alipoikanyaga ukingoni mwa ngazi, ilivunjika, lakini ilivunjika pembeni ya gundi, kwenye mti wenyewe.

Mwalimu akauliza swali la mzee: "Gundi katika jozi ya pili ilikuwa kiasi kile kile kama ya kwanza. Mbona haikushika?"

Kimya kilipita. Mkono ulioinuka ulitoka nyuma, kwa mtoto ambaye mara nyingi tulimkuta amelaza kichwa juu ya dawati. Akasema, "Mwalimu, gundi imeshika. Imeshika mafuta. Haikufika kwenye mti."

Hatukuwa tumepata jibu bora kuliko hilo katika andalio la somo. Gundi ya mbao hufanya kazi kwa kuingia katika vitundu vya mti na kukauka humo, kama mizizi midogo. Ikizuiwa na mafuta hukauka juu juu, ikawa ngozi isiyo na mizizi. Nguvu yake haimo katika wingi. Gundi ikiwa nyembamba kati ya pande mbili zilizobanwa vizuri ina nguvu, na ikiwa nene hubaki yenyewe peke yake ikibeba mzigo usio wake.

4. Kipi kiungwe, kipi kiachwe

Somo la gundi lisilofundisha mpaka wa gundi ni la hatari. Katika kipindi cha pili watoto waliletewa vitu vitatu kutoka nyumbani na shuleni, wakatakiwa waamue.

Kitu cha kwanza kilikuwa uso wa dawati, uliopasuka kwa kufuata nyuzi za mti. Walikubaliana kwamba waungwe, na ukaungwa. Ufa unaofuata nyuzi ndio rafiki wa gundi, kwa sababu nyuzi zenyewe hazijakatika, zimeachana tu.

Cha pili kilikuwa mpini wa jembe, wa mti wa mpera, uliopasuka karibu na tundu la jembe, na nyuzi zake zilikuwa zimekatika kwa kukingama. Baadhi ya watoto walitaka uungwe, kwa kuwa mpini ni mali. Msichana mmoja akasema babu yake hukata mpini mpya, kwa maana jembe likichomoka huruka kichwani kwa mtu. Alikuwa na haki. Pale ambapo nyuzi zimekatika, na kitu kinapokea pigo, na kuachia kwake kunaweza kumwumiza mtu, gundi haifai.

Cha tatu kilikuwa mwiko wenye ufa. Hapo hoja haikuwa nguvu tena. Mwiko huingia katika ugali wa moto, na gundi si chakula. Waliuweka kando uwe kuni.

Kwa vitu vitatu watoto walikuwa wamejipatia maswali matatu: Nyuzi zimeachana au zimekatika? Kikiachia, nani ataumia? Gundi itakutana na nini, maji, moto au kinywa? Twaamini maswali hayo ni mali kubwa kuliko dawati lililotengenezwa.

5. Jinsi kishikio kilivyoungwa

Kwa ajili ya wanachuo wanaopenda kazi za mti, tutaeleza kwa ufupi kazi ya ofisini. Kwanza tulijiuliza maswali yale yale matatu. Nyuzi zilikuwa zimeachana tu. Hatari ilikuwepo, na ndiyo sababu kipimo cha mwisho kiliachwa kwa fundi wa silaha. Adui wa gundi walikuwa mafuta na mvua.

Gundi ya zamani ilikwanguliwa kwa ncha ya kisu hadi mti ukaonekana. Mafuta yalitolewa kwa asetoni safi, nje ya nyumba, mbali na moto, na bila watoto. Tulisugua, tukapaka uji mzito wa asetoni na unga mkavu wa chaki, tukauacha ukauke na kuyavuta mafuta, kisha tukaupangusa. Unga wa kwanza ulitoka na rangi ya kahawia. Tulirudia kila jioni, na jioni ya nne unga ulitoka mweupe. Mwanachuo mmoja alisema hajawahi kuona chaki ikifanya kazi ngumu kiasi hicho bila kuandika neno.

Tundu la skrubu lililopanuka lilizibwa kwa kijiti cha mti mgumu kilichopakwa gundi, ili baadaye litobolewe upya kwa kipimo sahihi. Kwa ufa wenyewe tulitumia epoksi, gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa kwa vipimo sawa, tukachagua ile inayokauka polepole, kwa sababu hutoa nafasi ya kufanya kazi bila haraka na hustahimili maji kuliko gundi nyeupe ya kawaida. Gundi hii si ya watoto. Huunguza ngozi ya baadhi ya watu, na mtumiaji avae mifuko mikononi. Ufa ulipanuliwa kidogo kwa wembe mwembamba, gundi ikasukumwa ndani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na ufa ukabanwa na kuachiwa mara kadhaa hadi gundi ikatokea upande wa pili. Iliyozidi ilipanguswa kwa kitambaa chenye siki. Kishikio kikavikwa karatasi ya nailoni, kikazungushiwa mpira wa baiskeli, kikakaa ndani ya chumba chenye joto kwa siku mbili. Mwisho kilipigwa msasa laini na kupakwa mafuta ya kitani, kidogo kidogo, kwa nje tu.

Mzee alikipeleka Mbeya. Baadaye alitusimulia jinsi fundi alivyokipima: alipaka chuma masizi ya kibatari, akakifunga kishikio, akakifungua, na masizi yakaonyesha kwamba mti uligusa chuma upande mmoja tu, ule ule uliopondeka. Akachonga kidogo kidogo hadi masizi yakashika pande zote mbili. Twawaomba walimu waikumbuke mbinu hiyo ya masizi. Hutumika pia katika kufunga mguu wa meza au bawaba ya mlango. Inamfanya mchongaji aone mahali ambapo mzigo unaangukia, na kuacha kubahatisha.

6. Mtoto aliyelala darasani

Mzee alipokuja kuchukua kishikio, alishukuru kwa kusema "Ndaga fijo", kisha akaongeza neno ambalo hatukulitazamia: "Sasa mjukuu wangu naye atalala."

Mjukuu huyo alikuwa ni yule mtoto wa nyuma. Tangu bunduki iliponyamaza, yeye na binamu yake walikuwa wakikesha kibandani shambani, wakipiga madebe kuwafukuza nguruwe. Alirudi nyumbani alfajiri na kuja shuleni akiwa hajalala. Daftari la mahudhurio lilionyesha kwamba alichelewa mara nyingi katika miezi miwili, na alama zake za hesabu zilishuka. Mwanachuo aliyekuwa na darasa lile alikuwa ameyaona hayo, naye alikuwa amewahi, kama methali inavyoagiza: alimwongezea mtoto maswali kumi ya hesabu kila siku ya kwenda nyumbani. Alifanya kwa moyo mwema. Lakini mtoto aliyafanya maswali hayo gizani, kati ya debe na debe, na alama ziliendelea kushuka.

Usiku ule wanachuo walilizungumza jambo hili wenyewe, nasi tulinyamaza. Mmoja wao alisema kwamba maswali kumi yalikuwa gundi njema iliyopakwa juu ya mafuta. Hakuna aliyehitaji kuongeza.

Hatua zilizofuata zilikuwa za kawaida. Mwalimu mkuu alizungumza na mzee na uongozi wa kijiji, ikakubaliwa kwamba watu wazima wakeshe kwa zamu na watoto wa shule walale nyumbani. Maswali ya kwenda nyumbani yalisimamishwa kwa muda, na badala yake mwanachuo alikaa na mtoto nusu saa mchana kwa siku tatu za juma, akianzia sehemu, mada ambayo ilifundishwa katika miezi ile ya kusinzia. Ukweli wahitaji kusemwa: mambo hayakunyooka kwa siku mbili kama kishikio. Zamu za watu wazima zilivunjika mara kadhaa, na mtoto alionekana tena akisinzia. Tulipopita Lufingo mwaka uliofuata, 2019, ule mti ulikuwa bado umeshika. Mtoto alikuwa Darasa la Saba, anahudhuria vizuri, na katika sehemu alikuwa bado anasaidiwa. Miezi iliyopotea darasani hairudi kwa kubanwa na mpira.

7. Neno kwa mwalimu mwanafunzi

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ulitaka shule iwe sehemu ya kijiji chake, na mtoto ajifunze kwa kutenda. Katika shule nyingi agizo hilo lilieleweka kuwa ni jembe na ufagio, na mtoto akatenda sana bila kuuliza. Kazi ya mikono inakuwa elimu pale tu ambapo mkono unaulizwa kwa nini. Mtoto wa Lufingo aliyesema "haikufika kwenye mti" alikuwa amefikia elimu hiyo, naye alikuwa na usingizi machoni.

Nawe, ndugu mwalimu, utakapopewa darasa lako utakuta nyufa nyingi: mtoto asiyesoma, asiyesikia, anayechelewa, anayepigana. Utatakiwa uwahi, nawe uwahi. Lakini nusu saa ya kutazama na kuandika, kabla ya kushika gundi, si kuchelewa. Tazama kingo za ufa. Nusa. Uliza mzigo unaangukia wapi.

Maswali ya kujadiliana

(a) Tayarisha andalio la somo la kuunga mbao kwa Darasa la Tano katika shule isiyo na karakana. Ni vitu gani vya kijijini vitakavyochukua nafasi ya jiliwa?

(b) Kwa nini watoto waliandika walichotazamia kabla ya kuvunja jozi zao? Toa mfano wa somo la hesabu ambamo ungefanya vivyo hivyo.

(c) Mzazi anakuletea kitu cha kutengeneza ambacho hakifai kuingia darasani. Ni sehemu gani ya jambo lake yaweza kuingia, na kwa njia gani?

(d) Chagua mtoto mmoja unayemfundisha ambaye maendeleo yake yameshuka. Andika mambo manne unayoyaona kabla ya kuandika hata moja unalokusudia kufanya.